Kufundisha Fasihi ya Kale Nyumbani kwa Dondoo: Mwongozo Kamili

Mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani hukwama akifika kwenye fasihi ya kale. Vitabu ni vinene, lugha ni ngumu, na hisabati na sayansi nazo zinasubiri. Wengi hushika njia moja kati ya mbili: ama humpa mtoto kitabu kizima, akasoma kurasa 40 akakitupa, ama humpa hadithi iliyofupishwa, ambamo matukio yamebaki na maneno ya mwandishi yameondoka. Dondoo ni njia ya tatu. Ni maneno ya mwandishi mwenyewe, yalivyo, kwa kipimo ambacho mtoto anaweza kukaa nacho wiki nzima bila kuchoka.

Njia hii hufaulu au huharibika kwa jambo moja: ulikata wapi. Dondoo lililoanza mapema mno humchosha mtoto kabla hajafika penyewe, na lililokatizwa mapema humwachia maana iliyopinda, naye ataishi nayo miaka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye kuchagua na kukata. Ukikata vizuri, hata maswali ya kawaida yatazaa matunda. Ukikata vibaya, hakuna swali litakalokuokoa.

Hatua ya kwanza: vitabu vichache, dondoo kadhaa kwa kila kimoja

Kwa muhula wa wiki 12, chagua vitabu vinne na uchukue dondoo tatu kwa kila kimoja. Usichukue vitabu 12 na dondoo moja moja. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote, kwa sababu orodha ndefu ya majina makubwa humfurahisha mzazi. Mtoto hafaidiki nayo: kila wiki anaanza upya kujua nani ni nani, na akishazoea sauti ya mwandishi anaondolewa. Dondoo la pili la kitabu kilekile husomwa kwa nusu ya jasho la kwanza. Kufikia la tatu, mtoto ameanza kubisha na mhusika kama mtu anayemfahamu.

Chukua *Great Expectations* ya Charles Dickens, yenye sura 59. Sura ya 1 inampeleka mtoto mdogo, Pip, makaburini, anakokamatwa na mfungwa aliyetoroka akiwa na pingu mguuni. Sura ya 8 inamwingiza katika nyumba ya Bibi Havisham, ambamo saa zimesimamishwa na msichana wa rika lake anamdharau kwa mikono yake iliyokomaa. Sura ya 39 inamrudisha yule mfungwa mbele ya Pip aliyekua, na kumbe maisha yote ya Pip yalikuwa yamejengwa juu ya jambo asilolijua. Dondoo tatu, maneno kama 800 kila moja, na mtoto ameona uti wa mgongo wa riwaya.

Hapa pana uamuzi wa kufanya. Sura ya 39 inafichua siri kubwa. Ukitarajia mtoto asome kitabu chote mwaka huu au ujao, ishia sura ya 8 na uchague dondoo jingine la tatu. Kama huna tarajio hilo, mpe. Siri inayotunzwa kwa ajili ya usomaji ambao hautatokea haimfaidii mtu.

Kabla ya kupitisha kifungu chochote, kipime kwa maswali matatu. Je, kuna kitu kinachobadilika ndani yake, yaani mtu anaingia akiwa na hali moja na kutoka akiwa na nyingine? Je, maelezo yasiyozidi maneno 80 yanatosha kumfikisha mtoto pale kifungu kinapoanzia? Na je, kuna kitu ambacho kingepotea kama kingesimuliwa tu kwa maneno yako? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa. Maelezo marefu ya vita au safari mara nyingi yanasimulika vizuri tu, basi simulia, na dondoo lihifadhi kwa pale ambapo maneno yenyewe ndiyo tukio.

Hatua ya pili: kukata

Tuchukue kifungu ambacho karibu kila mtu hukikata vibaya: Odysseus katika pango la jitu lenye jicho moja, kitabu cha 9 cha *Odyssey* ya Homer. Tukio linajulikana. Jitu limewafungia ndani kwa jiwe kubwa na limeshakula wenzake sita. Odysseus analinywesha jitu divai, linauliza jina lake, naye anajibu kwamba anaitwa Hakuna Mtu. Likishalewa na kulala wanalichoma jicho kwa mti wa mzeituni uliopashwa moto. Majirani wanakuja mbio kuuliza nani anamuumiza, nalo linapiga kelele kwamba Hakuna Mtu anamuua. Basi majirani wanarudi makwao. Wanaume wanatoroka wakining'inia chini ya matumbo ya kondoo.

Vitabu vingi vya watoto huishia hapo, kwenye kicheko cha ushindi. Mtoto anafunga karatasi akiamini kwamba funzo ni werevu kushinda nguvu. Lakini Homer hakuishia hapo. Wakiwa tayari majini, Odysseus anashindwa kunyamaza. Analikejeli jitu, linarusha mwamba unaolirudisha jahazi ufukweni. Wenzake wanamsihi anyamaze. Anaendelea, na safari hii anataja jina lake halisi, la baba yake na la nyumbani kwake. Sasa jitu lina jina la kulaani. Linamwomba baba yake, Poseidon, mungu wa bahari, kwamba Odysseus asifike kwao, au kama ni lazima afike, afike akiwa amechelewa, peke yake, kwa chombo cha wageni, na akute taabu nyumbani. Hayo yote yanatimia.

Kwa hiyo dondoo linaloishia kwa kondoo linafundisha kinyume cha kitabu. Mtu aliyeokoka kwa kuficha jina anaangamiza wenzake kwa kulitaja. Kata baada ya dua ya jitu, si kabla. Mwanzo nao usiende nyuma sana; anzia pale jitu linapouliza jina. Toka hapo hadi mwisho wa dua ni karibu mistari 200, mingi kwa mtoto wa miaka 11. Usipunguze mwisho. Punguza katikati: namna walivyoupasha mti moto na namna walivyofunga kondoo watatu watatu vinaweza kuondolewa, uweke alama ya vitone vitatu ndani ya mabano ya mraba na sentensi mbili zako kwa mwandiko wa mlazo. Mtoto aone wazi wapi mwandishi amenyamaza na wewe umesema.

Kanuni tunazozitumia katika kukata ni hizi. Mwanzo uwe ni tendo au usemi, si maelezo ya mahali, isipokuwa kama mahali penyewe ndipo panapofanya kazi. Mwisho uwe sentensi moja baada ya badiliko, karibu vya kutosha mtoto aone athari, si hadi mwisho wa sura. Kamwe usibadilishe neno la mwandishi ili liwe rahisi; neno gumu linafafanuliwa pambizoni. Na kama umekata zaidi ya mara mbili ndani ya dondoo moja, basi hicho si kifungu cha dondoo. Tafuta kingine.

Kuhusu urefu, hesabu ya maneno hupotosha kwa sababu neno moja la Kiswahili linaweza kubeba kazi ya maneno matatu ya Kiingereza. Pima kwa saa. Soma kwa sauti mwendo wa kawaida: dakika 3 zinatosha kwa mtoto wa miaka 8 au 9, dakika 5 hadi 6 kwa wa miaka 11, na dakika 10 kwa wa miaka 14 na zaidi. Ikizidi hapo, gawanya wiki mbili.

Hatua ya tatu: toleo na tafsiri

Hapa ndipo watu hupoteza wiki nzima bila kujua kwa nini mtoto haelewi. Kazi nyingi za kale zinapatikana bure katika maktaba za mtandaoni kama Project Gutenberg, lakini tafsiri zinazopatikana bure huwa ni za zamani. *Odyssey* ya Samuel Butler ya mwaka 1900, kwa mfano, ni ya nathari, yaani maandishi yasiyo ya ushairi, na inasomeka, ila anatumia majina ya Kirumi: Odysseus anaitwa Ulysses na Poseidon anaitwa Neptune. Ukimpa mtoto dondoo la Butler leo na la mfasiri mwingine wiki ijayo, atadhani ni watu wawili. Chagua tafsiri moja kwa kila kitabu na ukae nayo.

Jambo la hakimiliki nalo lieleweke. Ulinzi hudumu walau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na katika nchi nyingi ni miaka 70. Tafsiri ina hakimiliki yake peke yake. Homer hana mwenyewe, lakini tafsiri ya Emily Wilson ya mwaka 2017 inaye. Tafsiri mpya inunue, umsomee mtoto kutoka kwenye kitabu. Usiichape ukaisambaza kwa familia nyingine.

Kwa vitabu vya kale usitegemee sana namba za sura bila kuangalia. Toleo la kwanza la *Robinson Crusoe* ya Daniel Defoe, hadithi ya mtu aliyekwama kisiwani, la 1719, halikuwa na sura kabisa. Mgawanyo unaouona umewekwa na wachapishaji na hutofautiana. Andika maneno matano ya mwanzo na matano ya mwisho ya dondoo lako kwenye daftari, utalipata katika toleo lolote la lugha ileile na tafsiri ileile.

Penye tafsiri ya Kiswahili, itumie. Julius Nyerere alifasiri *Julius Caesar* ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963, kisha *Mabepari wa Venisi* (*The Merchant of Venice*, ya Shakespeare pia) mwaka 1969. Mtoto anayesoma Kiingereza anaweza kuwekewa mistari 20 ya Shakespeare upande mmoja na ya Nyerere upande wa pili, aulizwe mfasiri alilazimika kuacha nini. Hili ni somo zima la lugha mbili kwa karatasi moja.

Hatua ya nne: karatasi

Chapa dondoo upande mmoja tu wa karatasi, herufi za ukubwa wa 13 au 14, nafasi ya mstari mmoja na nusu, na pambizo ya kulia ya sentimita 5. Weka namba za mistari kila baada ya mistari mitano. Namba hizi zinaonekana kitu kidogo, lakini bila hizo mtoto atasema "pale anaposema vile", nanyi mtatumia nusu ya somo kutafutana. Kwa namba, kila jibu linaweza kudaiwa ushahidi.

Hesabu maneno usiyotarajia ayajue. Yakizidi matano katika kila maneno 100, dondoo ni gumu mno kwake kwa sasa. Yaliyobaki yafafanue pambizoni kwa neno moja au mawili, mstari uleule. Orodha ya msamiati chini ya ukurasa humlazimisha kushuka na kupanda, na akipanda amesahau.

Juu ya dondoo weka daraja, yaani maelezo mafupi ya kumfikisha mtoto. Daraja lijibu mambo matatu: nani yuko hapa, anataka nini, na nini kimetokea punde. Lisiseme dondoo linahusu nini wala mhusika ni mwema au mbaya. Kwa hotuba za maziko katika *Julius Caesar*, tendo la 3 onyesho la 2, daraja linaweza kuwa hivi:

*Caesar ameuawa leo na kundi linaloongozwa na rafiki yake Brutus. Wanasema waliogopa angejifanya mfalme. Antony, aliyempenda Caesar, ameomba kusema maneno mazishini. Brutus amekubali kwa masharti: yeye Brutus atatangulia, na Antony anaweza kumsifu marehemu lakini asiwalaumu waliomuua. Brutus amemaliza kusema. Umati umemshangilia.*

Ondoa lile sharti la kutolaumu, na dondoo lote linakufa. Mtoto ataona Antony akirudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima na atamwamini. Akilijua sharti, atasikia kisu kikinolewa kila sentensi inaporudi. Daraja zuri hubeba kile kitu kimoja ambacho bila hicho maneno hayafanyi kazi, na unakipata kwa kujiuliza: mtu aliyekuwepo pale alijua nini ambacho mtoto wangu hajui?

Hatua ya tano: siku nne

Siku ya kwanza, dakika 25. Soma daraja, kisha soma dondoo kwa sauti wewe mwenyewe, mtoto akisikiliza bila karatasi. Usisimame kufafanua. Ukimaliza, akusimulie alichosikia kwa maneno yake. Usimsahihishe, andika tu alichoruka. Sehemu aliyoiruka karibu kila mara ndiyo ya kufanyia kazi kesho.

Kusoma kwa sauti si pambo. Rudi kwenye lile jina la Odysseus. Mtoto akiisoma karatasi kimya, herufi kubwa zinamwambia kwamba Hakuna Mtu ni jina. Majirani wa jitu hawakuona herufi, walisikia sauti tu. Mtoto akiisikia kwa masikio, hila inafanya kazi kwake kama ilivyofanya kwao, na anacheka kabla hujaeleza.

Siku ya pili, dakika 35. Mtoto anasoma kimya na penseli, kwa alama tatu tu: mstari chini ya neno asilolijua, alama ya kuuliza mahali asipoelewa, na nyota mahali panapomgusa. Alama zikizidi tatu anageuka mchoraji. Kisha mnakaa na maswali, yanayofuata hapa chini.

Siku ya tatu, dakika 40, ni ya kuandika. Mtoto wa miaka 8 hadi 10 ananakili sentensi mbili au tatu bora, halafu kesho yake unampa imla ya zilezile. Kuanzia miaka 13, tumia njia aliyoieleza Benjamin Franklin katika tawasifu yake. Alichukua makala aliyoipenda, akaandika dokezo fupi la kila sentensi, akayaweka kando siku kadhaa, kisha akajaribu kuijenga upya kwa maneno yake na kuilinganisha na asili. Mpe aya moja tu, maneno 120 hadi 150. Dokezo lisizidi maneno manne kwa sentensi. Likizidi, mtoto ananakili kwa mlango wa nyuma. Linganisheni sentensi kwa sentensi. Mara nyingi ataona kwamba yeye aliweka vivumishi vitatu pale mwandishi alipoweka kitenzi kimoja, na hilo hakuna mhadhara unaoweza kumfundisha.

Siku ya nne, dakika 20. Mtoto anakusomea wewe dondoo kwa sauti. Sikiliza anapopumua na anapokaza sauti. Anayesoma hotuba ya Antony kwa sauti ileile kutoka mwanzo hadi mwisho bado hajaielewa, hata kama majibu yake yote yalikuwa sahihi.

Maswali

Jaribu kila swali lako hivi: je, mtu ambaye hakusoma dondoo anaweza kulijibu? "Je, ni vizuri kulipiza kisasi?" linajibika na yeyote. Litupe, au liache mwisho kabisa. Maswali matano mazuri yanatosha, na yapande ngazi.

Anza na kilichotokea, kwa namba ya mstari. Kisha uliza umejuaje. Kisha neno: kwa nini hili na si lile? Kwa hotuba za maziko, mwambie mtoto apige mstari kila mahali Antony anapotaja heshima ya Brutus, na pembeni aandike kilichosemwa mara tu kabla yake. Orodha hiyo ndiyo jibu. Ataona kwamba karibu kila sifa ya Brutus inafuata ushahidi dhidi ya Brutus, na kwamba neno ni lilelile huku maana imegeuka. Ukiwa umempa pia maneno ya Brutus, muulize hotuba hizo mbili zinatofautiana vipi kwa macho tu. Brutus anasema kwa nathari, Antony kwa mistari ya ushairi. Mmoja anahoji, mwingine anapiga ngoma.

Pia mwelekeze kwa yule mtu katika umati ambaye, baada ya Brutus kueleza kwamba alimuua Caesar asiwe mfalme, anapaza sauti kwamba Brutus sasa ndiye awe Caesar. Usimweleze. Muulize tu: mtu huyu amesikia nini? Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 20 kabla ya kusema chochote. Wazazi wengi huokoa mtoto kwenye sekunde ya tano, na mtoto hujifunza kwamba akinyamaza vya kutosha jibu litakuja lenyewe.

Wasifu wa mwandishi usianze somo. Tarehe za kuzaliwa na shule alizosoma hazifungui mlango wowote. Ukweli mmoja unaohusu maandishi yenyewe una thamani zaidi. *Great Expectations* ilitoka kwa vipande vya kila wiki katika jarida, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Mtoto akijua hilo, muulize kwa nini kipande kimeishia mahali kilipoishia.

Wakiwa wengi mezani

Dondoo liwe moja kwa wote, kazi zitofautiane. Wa miaka 8 anasikiliza, anachora tukio na kusimulia. Wa 11 anafanya alama na maswali matatu ya kwanza. Wa 15 anafanya yote, kisha anamfafanulia mdogo wake sehemu moja. Usimpe mkubwa dondoo refu zaidi kama adhabu ya umri. Mpe swali la ndani zaidi. Wadogo wajibu kwanza siku zote, la sivyo watarudia la kaka au dada.

Maandishi yanayouma

Fasihi ya kale ina utumwa, dharau kwa wanawake na chuki kwa watu wa rangi na dini nyingine. Dondoo humpa mzazi uwezo mkubwa na wa hatari: kukata yote hayo kimyakimya. *Robinson Crusoe* ni mfano ulio wazi. Karibu kila mkusanyo huchukua ule unyayo mmoja mchangani, na kweli ni kifungu cha ajabu, hofu ya mtu aliyelilia binadamu mwenzake miaka mingi na sasa anaogopa alama ya mguu. Lakini mtoto aliyepewa unyayo peke yake hajui kwamba kabla ya kisiwa Crusoe alitoroka utumwani pamoja na kijana Xury, aliyemwahidi uaminifu, kisha akamuuza kwa nahodha kwa vipande 60 vya fedha. Hajui kwamba jahazi lake lilizama akiwa njiani kwenda kuchukua watumwa. Na hajui kwamba akimpata Friday, kijana anayemwokoa kisiwani, Crusoe haulizi jina lake. Anampa la siku ya juma, kisha anamfundisha kumwita Bwana.

Wape watoto wa miaka 13 na zaidi dondoo hizo tatu kwa mfululizo: Xury, unyayo, kupewa jina. Waulize nani ana jina la kwake na nani amepewa. Msimulizi haoni aibu, na hapo ndipo penye kazi, kwa maana mtoto anajifunza kusoma kilichoandikwa pamoja na kile msimulizi asichokiona. Kwa mdogo wa miaka 9 kifungu cha Xury kinaweza kungoja. Kungoja ni sawa. Kumwambia kwamba kitabu hakina kitu hicho si sawa.

Ushairi una kipimo chake

Utenzi unakatika kwa urahisi kuliko riwaya kwa sababu kila ubeti umejifunga. Chukua Utendi wa Mwanakupona, uliotungwa mwaka 1858, mama mgonjwa akimuusia binti yake. Beti za mwanzo zinatosha: mama ameugua mwaka mzima, anamwita binti akae karibu na wino na karatasi, kuna maneno anataka kumwambia. Chukua beti 8 hadi 12, si zaidi.

Mtoto ahesabu mizani, yaani silabi, kwa kugonga meza: kila kipande kina mizani 8, vipande vinne kwa ubeti. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kinabeba kina kinachorudi utenzi wote. Afanye hivyo kabla hujamwambia kanuni; aigundue. Lugha ni ya Kiamu cha zamani, lahaja ya Lamu, kwa hiyo fafanua pambizoni: *ndoo* ni njoo, *mbee* ni mbele. Usiibadilishe kuwa Kiswahili sanifu, kwa sababu mizani inaweza kuvunjika, na mtoto anayegonga meza ataligundua kosa lako mara moja. Kisha ahifadhi beti tatu kwa moyo na kuzighani.

Kupima bila mtihani wa kukariri

Kila dondoo liwe na ukurasa mmoja wa daftari: dondoo lilianzia na kuishia wapi, nani anasema na nani, sentensi moja iliyonakiliwa, na swali moja ambalo mtoto bado analo. Wiki ya 6 na ya 12, mpe dondoo asilowahi kuliona kutoka kitabu alichokwisha kukisoma vipande, bila daraja. Aandike muktadha wake mwenyewe: ni nani hawa, ni kabla au baada ya tukio gani, na mstari upi umemwambia hivyo. Akikosea muktadha lakini ushahidi wake ni wa busara, amesoma vizuri. Akipatia bila kuonyesha mstari, amekisia, basi mrudishe kwenye karatasi.

Majibu yakianza kuja na maneno makubwa ambayo hamjawahi kuyatumia mezani, mtoto amechukua muhtasari mtandaoni. Usigombe. Mfanye ajibu kwa mdomo, karatasi mkononi, kwa namba za mistari. Muhtasari hauna namba za mistari.

Kutoka dondoo hadi kitabu kizima

Kila muhula kitabu kimoja kati ya vile vinne kisomwe chote. Mtoto akichague mwenyewe baada ya dondoo la tatu. Anayesoma kila kitu kwa vipande hukosa vitu ambavyo vipande haviwezi kutoa: uchovu wa safari ndefu, mhusika anayebadilika polepole mno kuonekana katika ukurasa mmoja, jambo dogo la mwanzoni linalorudi kurasa 300 baadaye. Tenga dakika 30 kila siku kwa kitabu hicho, bila karatasi za maswali. Akifika mahali lilipokatwa dondoo alilolisoma, asimame, atafute karatasi ya zamani, na aangalie mliacha nini kabla na baada. Muulize kama mkato ulikuwa sahihi. Kuanzia miaka 14, dondoo la muhula ujao alikate yeye, aandike daraja lake kwa maneno 80, na awape wadogo zake walisome.